Nchi Jirani: Saa Nne Pamoja na Muda Wake



Askari polisi aliye zamuni kwenye daraja la Rusumo, upande wa Tanzania, anapotazama saa yake na kuona kuwa ni saa nne kamili asubuhi, mwenzake wa Rwanda aliye ng'ambo ya mto Kagera huona saa tatu kamili. Jua linalowachoma ni moja, na ngurumo ya maporomoko wanayoisikia ni ile ile. Hakuna aliyechelewa na hakuna aliyewahi. Hali ni hiyo hiyo huko Kabanga penye mpaka wa Burundi, na Tunduma penye mpaka wa Zambia. Meli itokayo Kigoma ikifika Mpulungu, kusini kabisa mwa ziwa Tanganyika, hurudisha mishale ya saa nyuma kwa saa nzima, ingawa ziwa halikubadilika wala abiria hawakubadilika. Mtu anayeahidiana na jirani yake kukutana saa nne, bila kusema ni saa nne ya nani, amejitakia kungoja.

Ndiyo maana katika majeshi mengi ujumbe wa simu ya upepo hauishii kwenye tarakimu nne za saa. Askari wa mawasiliano huongeza herufi moja mwishoni: herufi C kwa nchi zilizotangulia saa ya Greenwich kwa saa tatu, kama vile Tanzania, Kenya na Uganda, na herufi B kwa zile zilizoitangulia kwa saa mbili, kama vile Rwanda, Burundi, Zambia na upande wa mashariki wa Kongo. Herufi hiyo ni ndogo, lakini ikisahauliwa, kikosi kimoja huweza kufika mahali pa makutano wakati kingine bado kinafunga mizigo.

Mazungumzo ya leo yanahusu herufi nyingine za namna hiyo, na yanahusu majirani wengine, walio mbali na mto Kagera. Katika Ulaya ya kati na ya kaskazini ziko nchi zinazopakana, nazo ni Ujerumani, Austria, Uswisi, Poland, Denmark, Uswidi, Norway na Finland. Nyingi kati ya nchi hizo hutumia saa moja, wala msafiri hana haja ya kugusa mshale anapovuka mpaka. Hata hivyo kwa karne kadhaa zimekuwa na tofauti ya saa ya aina ya pekee, ambayo haikai kwenye daraja wala kwenye kizuizi cha barabarani. Hukaa kwenye lango la chuo kikuu. Nje ya lango, saa nne ni saa nne. Ndani ya lango, saa nne ni saa nne na robo.

Desturi hiyo huitwa robo saa ya chuo. Mwanafunzi wa Ujerumani anaposoma ratiba ya mihadhara yake huona tarakimu 10, ambayo kwa hesabu ya Kiswahili ni saa nne asubuhi, kisha mbele yake huona herufi mbili za Kilatini, c.t. Maana yake ni cum tempore, yaani pamoja na muda. Herufi hizo zinamwarifu kwamba mhadhara umeandikwa saa nne lakini mhadhiri atafungua kinywa saa nne na robo. Akiona herufi s.t., sine tempore, yaani bila muda, basi aelewe kuwa saa nne hapo ni saa nne kamili, na asiyekuwamo ndani amechelewa kweli kweli. Ziko hata herufi tatu, m.c.t., ambazo huonekana kwa nadra sana, na ambazo huongeza nusu saa nzima.

Mwanafunzi mgeni, hasa aliyetoka mbali na kuambiwa tangu utotoni kwamba Mjerumani hachezi na saa, hupata mshangao wa kwanza hapo hapo. Hufika saa nne kasoro dakika tano, akiwa amekimbia. Hukuta ukumbi mtupu. Hufikiri amekosea jengo, hutoka, husoma tena namba ya mlango, huuliza, na mwishowe hurudi na kukaa peke yake akitazama viti. Saa nne na dakika kumi watu huanza kumiminika. Saa nne na robo mhadhiri huanza kusema, na hakuna hata mmoja anayeomba radhi. Mgeni huyo akishazoea, hupata mshangao wa pili, ambao ni mchungu zaidi: siku ya mtihani tangazo huandikwa s.t., naye, kwa mazoea, huja na robo saa yake mfukoni na kukuta karatasi zimekwisha kugawiwa.

Askari anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza ana haki ya kucheka. Mtu aliyelelewa kwa filimbi, ambaye lindo lake hubadilishwa kwa dakika na ambaye kuchelewa kwake gwarideni humpatia adhabu, atauliza: hao wasomi, ambao ndio wanaofundisha hesabu na ndio waliotengeneza saa, wameshindwaje kuamka mapema? Na kwa nini uvivu wao uandikwe kwa Kilatini? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lataka subira kidogo, kwa sababu jambo lenyewe si uvivu.

Hebu itazamwe ratiba. Katika vyuo vikuu vya Ujerumani mihadhara mingi hupangwa kwa vipande vya saa mbili mbili: kuanzia saa mbili hadi saa nne, saa nne hadi saa sita, saa sita hadi saa nane, na kadhalika hadi jioni. Mwanafunzi huyo huyo huenda ana somo la sheria kipande cha kwanza na somo la historia kipande cha pili, nayo majengo mawili hayo yako katika pande mbili za mji. Kama somo la kwanza lingekwisha saa nne kamili na la pili kuanza saa nne kamili, basi ratiba hiyo ingekuwa ya uongo, maana ingemtaka mtu mmoja kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kipande cha saa nne hadi saa sita kwa kweli huanza saa nne na robo na kwisha saa sita kasorobo. Ndani yake mna dakika 90, yaani vipindi viwili vya dakika 45, na kipindi cha dakika 45 ndicho kipimo ambacho Mjerumani hukihesabu kuwa saa moja ya kufundishwa. Zile dakika 30 zinazobaki kati ya kipande na kipande ni za miguu, za ngazi, za baiskeli na za kikombe cha kahawa. Mtu aliyepanga msafara wa magari huifahamu hesabu hiyo vizuri, kwa kuwa muda wa kutembea usipotiwa kwenye hesabu ya msafara hujitia wenyewe, na hujitia mahali pabaya.

Mjini Zürich, huko Uswisi, kiko chuo kikuu cha ufundi ambacho Waswisi huita ETH. Kina makao mawili, moja katikati ya mji na jingine juu ya kilima cha Hönggerberg, na basi hupita kati ya makao hayo kuwachukua wanafunzi. Hapo mhadhara ulioandikwa saa mbili hadi saa nne huanza saa mbili na robo. Baada ya dakika 45 kuna mapumziko ya robo saa, kisha somo huendelea kutoka saa tatu na robo hadi saa nne kamili. Waswisi ndio watengenezaji wa saa mashuhuri duniani, wala hakuna aliyewahi kudai kwamba hawajui kuzitazama.

Chanzo cha desturi hii kimo katika zama ambazo saa ilikuwa mali ya mji, si mali ya mtu. Vyuo vikuu vya pande hizo ni vikongwe. Prague ilipata chuo chake mwaka 1348, Kraków mwaka 1364, Vienna mwaka 1365, Heidelberg mwaka 1386, Uppsala ya Uswidi mwaka 1477, na Copenhagen mwaka 1479. Katika miaka hiyo hakuna mwanafunzi aliyekuwa na saa mkononi wala mfukoni. Saa ilikaa juu ya mnara wa kanisa au wa baraza la mji, nayo kwa kawaida ilikuwa na mshale mmoja tu, ule wa saa. Mshale wa dakika ulianza kuenea baada ya Mholanzi Christiaan Huygens kubuni, mwaka 1656, saa inayoongozwa na uzito unaobembea. Kabla ya hapo saa ya mitambo ilikuwa ikikosea kiasi cha robo saa kwa siku moja. Msikilizaji na apime mwenyewe: posho waliyojipa wasomi hao ilikuwa sawasawa na kosa la saa zao.

Kwa mujibu wa maelezo yanayotolewa mara nyingi zaidi, kengele ya mnara ilipogonga saa ndipo mwanafunzi alipojua kuwa saa imefika, na ndipo aliponyanyuka. Hakuweza kunyanyuka kabla, kwa sababu hakuwa na cha kumwambia kwamba saa inakaribia. Akafunga kitabu, akashuka ngazi, akakatisha vichochoro hadi mahali pa mhadhara, na mara nyingi mahali hapo palikuwa nyumba ya mhadhiri mwenyewe, kwani wahadhiri wengi walifundishia majumbani mwao. Robo saa ilitosha kuwafikisha wote. Kengele ilikuwa amri ya kuondoka, si amri ya kuanza. Mtoto wa tajiri aliyekuja baadaye kununua saa ya mfukoni hakupata faida yoyote juu ya mtoto wa maskini aliyetegemea masikio yake, maana wote wawili walipewa robo saa ile ile. Jambo hilo la mwisho halitajwi sana na wanaosimulia desturi hii, nalo huenda ndilo lililokuwa zuri kuliko yote.

Kila jirani ameipokea robo saa hiyo na kuikata kwa kisu chake. Wafini hawatumii Kilatini. Wao huangalia namna saa ilivyoandikwa. Tangazo likisema 10 peke yake, kuna robo saa ya kungojana. Likisema 10.00, pamoja na zile sifuri mbili, basi ni saa nne kamili. Sifuri mbili tu ndizo zinazomtenga mtu aliyewahi na mtu aliyechelewa. Waswidi wa Uppsala na Lund walikuwa na robo moja kwa mchana na robo mbili, yaani nusu saa, kwa shughuli za jioni. Wanorway wa mji wa Bergen wameipenda desturi hiyo hata wakaiita kwa jina lake nyumba kubwa ya utamaduni inayoendeshwa na wanafunzi.

Lakini anayestahili kusikilizwa zaidi na askari ni Mpoland. Huko Poland robo saa imegeuzwa na kuelekezwa kwa mhadhiri. Kwa desturi ya wanafunzi wa nchi hiyo, mhadhiri ambaye hajatokea hungojwa kwa robo saa. Zikipita dakika 15 wala hakuna habari yake, wanafunzi hujiona wana haki ya kukusanya madaftari na kwenda zao, naye akija baadaye na kukuta viti vitupu hana wa kumlaumu. Hapo robo saa ni mpaka ambao hata mkubwa haruhusiwi kuuvuka.

Yuko askari mmoja, tena si askari mdogo, ambaye alizungumza juu ya mambo haya mbele ya Bunge la Ujerumani. Jina lake ni Helmuth von Moltke, Jemadari Mkuu aliyeyaongoza majeshi ya Prussia katika vita vya mwaka 1866 na vya mwaka 1870. Ushindi wake ulitokana kwa sehemu kubwa na reli: alijua kuwapakia watu na farasi kwenye magarimoshi na kuwashusha mpakani kabla adui hajamaliza kuita majina. Mtu huyo alipokuwa na umri wa miaka 90, mwezi Machi 1891, alisimama bungeni kulalamika kwamba Ujerumani haina saa moja. Na kweli haikuwa nayo. Reli za kaskazini zilifuata saa ya Berlin, za Bavaria saa ya Munich, za Württemberg saa ya Stuttgart, za Baden saa ya Karlsruhe, na za Palatinate saa ya Ludwigshafen. Kati ya Berlin na Karlsruhe zilipotea dakika 20 hivi. Kando ya ziwa Bodensee, ambako nchi za Kijerumani zilipakana na Austria na Uswisi, meli za mvuke zilikutana na saa tano tofauti katika ziwa moja. Moltke alisema kwamba ratiba ya kukusanya majeshi iliyoandikwa kwa saa za namna hiyo ni hatari kwa nchi.

Wako waliompinga. Walidai kwamba saa moja kwa nchi nzima itawavuruga wakulima, viwanda na shule, kwa kuwa jua halichomozi pote kwa pamoja. Jemadari huyo aliwajibu kwa ucheshi ambao watu hawakuutarajia kwake. Alikumbusha kuwa katika maisha ya kila siku dakika chache hazimuui mtu. Alisema kwamba katika mahali pengi saa ya shule hurudishwa nyuma kwa dakika kumi ili mwalimu akifika awakute watoto wamekwisha kuketi, na kwamba hata Bunge lile lile alilokuwa akilihutubia lilijipa robo saa ya huruma kabla ya kuanza kikao. Mwezi uliofuata alifariki. Sheria ya saa moja ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 1893, na Ujerumani nzima ikafuata saa ya mstari wa digrii 15 mashariki ya Greenwich.

Ipo sababu ya kuikumbuka hotuba hiyo. Moltke hakuona mgongano wowote kati ya saa moja kwa magarimoshi na robo saa kwa watoto wa shule. Alitaka kwanza ijulikane saa nne ni ipi. Ikishajulikana, kila shughuli inaweza kusema wazi kwamba itaanza saa nne au itaanza robo saa baadaye. Isipojulikana, hata robo saa yenyewe haina maana, kwa sababu hakuna mahali pa kuanzia kuihesabu.

Waingereza wa Oxford wameihifadhi saa ya kale kwa njia nyingine. Mji huo uko kiasi cha digrii moja na robo magharibi ya Greenwich, na dunia hutumia dakika nne kuizunguka digrii moja. Kwa hiyo jua hufika juu ya Oxford dakika tano baada ya kufika Greenwich. Kwa hesabu hiyo hiyo jua la Kigoma huchelewa nyuma ya jua la Dar es Salaam kwa karibu dakika 40, ingawa saa za miji hiyo miwili husema mamoja. Sheria ilipoifanya saa ya Greenwich kuwa saa ya Uingereza nzima, mwaka 1880, chuo cha Christ Church kiliendelea na dakika zake tano. Mpaka leo ibada katika kanisa la chuo hicho huanza dakika tano baada ya saa inayotangazwa, na kila usiku, saa tatu na dakika tano, kengele kubwa ya mnara wake hupigwa mara 101. Hesabu hiyo ni ya wanachuo 100 wa awali na mmoja aliyeongezwa katika mwaka 1663. Zamani mlio huo ndio uliokuwa amri ya kufunga malango.

Sasa, ndugu askari, hapa ndipo penye kiini. Kuchelewa kwa vyuo hivyo kumeandikwa, na askari anayecheka na atazame kwanza palipo na kuchelewa kusikoandikwa. Katika taarifa nyingi za polisi husomwa kwamba tukio lilitokea mnamo majira ya saa nne usiku. Neno hilo majira linameza robo saa, pengine hata nusu saa, bila kusema limemeza kiasi gani. Mjerumani na c.t. yake amekiri kwamba anachelewa, akataja na kiasi. Mwandishi wa taarifa hakukiri wala hakutaja. Siku ya kesi wakili husimama na kumwuliza shahidi: majira ni saa ngapi? Saa nne kasorobo mshitakiwa alikuwa dukani na watu wanne walimwona. Saa nne na robo alikuwa njiani. Kesi nzima yaweza kuangukia katika tundu la neno moja.

Jeshini kuna robo saa nyingine, nayo hukimbilia upande wa pili. Wajerumani hao hao, wenye wasomi wa kuchelewa kwa herufi, wana msemo kwamba kuwahi kwa askari ni kufika dakika tano kabla ya wakati. Msemo huo ni mwema kama utasemwa mara moja. Ukisemwa na kila cheo, mambo hugeuka. Mkuu wa brigedi anatangaza kuwa atakagua gwaride saa nne kamili. Mkuu wa kikosi, ili asiaibike, anataka watu wawe tayari saa nne kasorobo. Meja anasema saa tatu na nusu. Kapteni anasema saa tatu kamili. Sajenti, ambaye ndiye atakayelaumiwa kuliko wote, anapiga filimbi saa mbili na nusu. Kila mmoja ameongeza muda wake juu ya muda wa mwenziwe bila kuuliza kama umekwisha kuongezwa, na kuruta aliye mwisho wa mstari amesimama juani kwa saa moja na nusu kabla ya saa yenyewe kufika. Mkaguzi naye akichelewa nusu saa, jumla ni saa mbili, na wa kwanza kuanguka kwa kizunguzungu huambiwa kuwa ni mlegevu. Hayo si ya jeshi la nchi moja. Askari wa kila bara huyajua, na katika kila lugha ya kambini yapo maneno ya kuyacheka.

Robo saa ya chuo haina mlundikano huo, kwa sababu ni moja na inajulikana na wote. Mwanafunzi haongezi ya kwake juu ya ile ya mhadhiri, wala mhadhiri haongezi ya kwake juu ya ile ya mkuu wa chuo. Anayeingia ukumbini saa nne na dakika kumi na sita amechelewa dakika moja, na wote waliomo ndani wanageuza shingo kumtazama. Mkubwa anayechelewesha mkutano kwa sababu ya cheo chake hajaingia katika desturi hii hata kidogo. Yeye ametwaa muda wa watu wengine bila kuwaarifu, na kama wanaomngoja ni 300, basi nusu saa yake moja imegharimu saa 150 za kazi. Afadhali yule anayeandika mapema kwamba saa nne yake ni saa nne na nusu, kwani wale 300 watajua wafanye nini na nusu saa yao.

Desturi yenyewe haidumu kila mahali. Mwanafunzi wa leo ana saa ndani ya simu yake, na saa hiyo hairuhusu kosa la robo saa, wala la sekunde moja. Vyuo vingine vimeacha herufi za Kilatini na kuchapa muda halisi, saa nne na robo, ili mgeni asihangaike mlangoni. Marekani nako desturi kama hiyo ilifika, ikiwa imepungua kidogo. Katika chuo kikuu cha California mjini Berkeley masomo huanza dakika kumi baada ya saa iliyoandikwa, na wanafunzi huita hiyo saa ya Berkeley. Chuo kikuu cha Michigan, katika mji wa Ann Arbor, kilikuwa na dakika kumi za namna hiyo hiyo, mpaka uongozi wake ulipoziondoa kuanzia mwezi Mei 2018. Tangu hapo somo lililoandikwa saa nne huanza saa nne kamili. Lakini wanafunzi wa Ann Arbor bado walihitaji kutembea kutoka jengo moja hadi jingine, kwa hiyo somo lililokuwa likimalizika saa tano kamili sasa humalizika saa tano kasoro dakika kumi. Dakika kumi hazikufutwa. Zilitolewa mwanzoni mwa kipindi zikawekwa mwishoni mwake.